Uhalisia wa Mahali na Fizikia ya Kwanta: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Bukavu

Maswali haya yamekusanywa kutoka katika mabishano ambayo sisi, walimu wachache wa fizikia wa Bukavu pamoja na wanafunzi wetu wa zamani, tumekuwa tukiyaendesha Jumamosi alasiri, na pia kutoka kwa wenzetu wa Goma, ambao miongoni mwao yumo mmoja anayetetea fikra za zamani kwa bidii na kwa akili nyingi. Majibu yameandikwa na mtu mmoja, naye ana msimamo wake: anaona kwamba uhalisia wa mahali umeshindwa, lakini haukushindwa kwa kuwa ulikuwa upuuzi. Ulishindwa kwa sababu ulisema jambo lililo wazi kiasi cha kuweza kupimwa, sifa ambayo fasiri nyingi za kwanta zilizobaki hazina.

Uhalisia wa mahali ni nini hasa?

Ni madai mawili yaliyoshikana. La kwanza ni kwamba kitu kina sifa zake kabla ya mtu kukipima, kama gunia la makaa lilivyo na uzito wake kabla halijawekwa kwenye mizani. La pili ni kwamba jambo linalotendwa hapa haliwezi kubadilisha papo hapo kilichoko kule: athari ni lazima isafiri, na haiwezi kuushinda mwanga, ambao hukata takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Kati ya Bukavu na Goma kuna kilomita 100 hivi kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo hata mwanga unahitaji theluthi moja ya milisekunde kufika.

Jina lenyewe lilitusumbua. Mwanzoni niliandika ubaoni "uhalisia wa kienyeji", darasa zima likaangua kicheko, kwa kuwa kwetu cha kienyeji ni kuku au dawa. Tangu siku hiyo tunasema uhalisia wa mahali.

Fotoni mbili, yaani chembe mbili za mwanga, zikipimwa mbali mbali majibu yake yanakubaliana kwa sababu zilitoka pamoja, kama jozi ya viatu. Ajabu iko wapi?

Hili ndilo pingamizi bora tunalolipata, na anayelitoa asichekwe. Chukua jozi moja ya sandali, funga kila kiatu katika kisanduku chake, changanya visanduku, kimoja kipande boti kwenda Goma na kingine kibaki Bukavu. Atakayefungua kule na kukuta kiatu cha kushoto atajua mara moja kwamba cha kulia kimebaki huku, wala hakuna kitu kilichovuka ziwa. Iwapo fotoni zingekuwa na hilo tu, ubishi wetu ungekuwa umekwisha.

Na kwa kweli, ukiziuliza fotoni swali moja tu, lile lile kila siku, zinafanya kama viatu na hakuna wa kukubishia. Mambo yanabadilika pale kila kisanduku kinapoweza kuulizwa mojawapo ya maswali kadhaa, ukaruhusiwa kukiuliza moja tu, na swali lenyewe likachaguliwa baada ya visanduku kutengana.

Ubishi huu ulianzia wapi?

Mwaka 1935 Albert Einstein, Boris Podolsky na Nathan Rosen walichapisha makala fupi yenye hoja hii: ikiwa naweza kutabiri kwa hakika matokeo ya kipimo cha kitu kilicho mbali bila kukigusa, basi sifa hiyo kilikuwa nayo tangu mwanzo, na kwa kuwa nadharia ya kwanta, ile inayoeleza vitu vidogo kama atomu na fotoni, haisemi lolote kuhusu sifa hiyo, nadharia haijakamilika. Niels Bohr alijibu mwaka huo huo, kwa jibu ambalo mpaka leo wasomi wanagombania maana yake. Podolsky ndiye aliyeshika kalamu, na Einstein alimlalamikia Erwin Schrödinger kwa barua kwamba hoja kuu ilizikwa chini ya maneno mengi. Schrödinger ndiye aliyeipa hali hiyo ya fotoni au elektroni mbili jina ambalo sisi tunalifasiri kuwa "kufungamana".

Wakati huo wengi waliamini kwamba John von Neumann alikuwa amekwisha kuthibitisha, mwaka 1932, kwamba vigeu vilivyofichika, yaani sifa ambazo kitu kinazo ingawa nadharia ya kwanta haizitaji, haviwezekani. Grete Hermann alionyesha kasoro ya uthibitisho huo mwaka 1935, lakini waliomsoma walikuwa wachache. Kisha mwaka 1952 David Bohm, akifufua wazo ambalo Louis de Broglie alilipeleka kwenye mkutano wa Solvay wa Bruxelles mwaka 1927, akajenga nadharia ya vigeu hivyo, yaani nyumba pale pale palipoandikwa kwamba hapajengeki.

Bell aliongeza nini?

John Stewart Bell, mzaliwa wa Belfast aliyekuwa akifanya kazi CERN, maabara ya fizikia ya chembe huko Geneva, aliiona nyumba ya Bohm na kuuliza kwa nini ndani yake chembe moja inaathiriwa papo hapo na jambo linalotendwa mbali nayo. Je, kasoro hiyo inaweza kuondolewa? Mwaka 1964 akaonyesha kwamba haiwezi kuondolewa katika nadharia yoyote inayotoa matokeo yale yale ya kwanta. Hoja yake tunaifundisha kwa umbo lisilohitaji mlinganyo.

Chukua wanafunzi wawili, Neema na Bahati. Kila mmoja ataulizwa swali moja kati ya matatu, A, B au C, na atajibu ndiyo au hapana. Kabla ya kutenganishwa wanaruhusiwa kupatana lolote. Baada ya hapo hawaongei. Sharti ni moja: wakiulizwa swali lile lile, majibu yao lazima yafanane, kila mara, bila kukosea hata mara moja. Watafanyaje? Kama Bahati ataacha jibu la B liamuliwe na bahati yake wakati huo huo, siku moja atatofautiana na Neema. Hawana njia ila kwenda na kadi zinazofanana, zenye majibu matatu yaliyokwisha kuandikwa. Wasomaji wengi hupita hapa kwa haraka, nasi tunawaomba warudi: hatukuanza kwa kudai kwamba majibu yapo kabla ya kuulizwa. Tulidai tu kwamba Neema hasikii anachoulizwa Bahati, na kadi zikaja zenyewe. Bell mwenyewe alisisitiza jambo hili, ingawa wapo wanafizikia wanaolipinga.

Sasa hesabu. Wanawake watatu wakivaa vitenge na rangi zikiwa mbili tu, lazima wawili kati yao wafanane. Kadi nayo ina majibu matatu ya aina mbili, kwa hiyo katika kila kadi, kati ya jozi A na B, B na C, A na C, angalau jozi moja ina majibu yanayofanana. Kadi zinazowezekana ni nane, unaweza kuzijaribu zote kwa dakika mbili. Basi wakiulizwa maswali tofauti yaliyochotwa bila mpango, majibu yatafanana angalau mara moja katika kila mara tatu kwa wastani. Wabadilishe kadi kila duru, wazichanganye, wakumbuke duru zilizopita: theluthi haishuki.

Sasa weka fotoni zilizofungamana mahali pa wanafunzi, na mahali pa maswali weka vichujio vya mwanga vilivyogeuzwa digrii 0, 60 na 120. Fotoni ikipita ni ndiyo, ikizuiwa ni hapana. Pembe zikiwa sawa, fotoni mbili hujibu sawa daima. Pembe zikitofautiana, nadharia ya kwanta inasema majibu yatafanana kwa kiasi cha mraba wa kosini ya digrii 60, yaani robo. Robo ni ndogo kuliko theluthi, na ubishi wote umejibana ndani ya tofauti hiyo.

Nasikia mlicheza mchezo huu darasani na wanafunzi wakashinda kikomo cha theluthi, wakashuka chini yake. Ilikuwaje?

Ni kweli, na aibu ni yangu. Tulicheza na wanafunzi wa mwaka wa sita, Bahati akiwa ndani karibu na ubao, Neema akiwa barazani. Maswali yalichotwa kwenye kofia. Kila maswali yalipotofautiana tulitia punje ya haragwe kikombeni, kikombe kimoja cha majibu yaliyofanana na kingine cha yaliyotofautiana. Duru ya kwanza ilikwenda kama tulivyotarajia. Duru ya pili, kati ya punje 60, kikombe cha waliofanana kilikuwa na 9 tu. Bahati nasibu pekee haifanyi hivyo kwa urahisi. Tukachunguza, tukakuta kioo kimoja cha dirisha kilikuwa kimevunjika tangu msimu wa mvua, na Neema alikuwa akisikia kila swali la mwenzake.

Huo ndio mwanya wa kwanza ambao watetezi wa uhalisia wa mahali waliushikilia kwa haki kabisa: labda vipimo viwili vinasikilizana. Alain Aspect, akiwa na Jean Dalibard na Gérard Roger huko Orsay, aliujibu mwaka 1982 kwa swichi zilizokuwa umbali wa mita 12 hivi, zikibadilisha swali, yaani pembe ya kichujio, kila nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) 10 takriban, hali mwanga ulihitaji nanosekunde 40 kwenda kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mwaka 1998 kundi la Anton Zeilinger huko Innsbruck lilitenganisha pande hizo mita 400 na kuchagua maswali kwa nasibu ya haraka.

Tulipoziba dirisha kwa karatasi ngumu, mwanafunzi mmoja aliomba sharti dogo: mtu aruhusiwe kunyamaza swali likimchanganya, na duru hiyo isihesabiwe. Nilikubali bila kufikiri. Wakapatana hivi: kadi ya wote wawili ni ndiyo, ndiyo, hapana, na Neema akiulizwa B ananyamaza. Zinabaki njia nne za maswali tofauti. Neema A na Bahati B wanafanana. Neema A na Bahati C, Neema C na Bahati A, Neema C na Bahati B wote wanatofautiana. Moja kati ya nne, robo kamili, matokeo ya kwanta yenyewe, bila ajabu yoyote! Na wakiwa wanabadilisha kila mara ni herufi gani inayonyamaziwa, hakuna atakayeng'amua kwa kutazama majibu peke yake.

Mimi niliondoka pale nikiwa namheshimu zaidi ndugu yetu wa Goma, kwa sababu vipokezi vya majaribio ya zamani vilinasa sehemu ndogo tu ya fotoni zilizotoka, na watafiti walilazimika kudhani kwamba zilizonaswa zinawakilisha zilizopotea. Mwaka 2001 kundi la Boulder, Marekani, lilitumia ayoni (atomu zenye chaji ya umeme) za berili ambazo hujibu karibu kila mara, lakini ayoni hizo zilikuwa zimekaa ubavu kwa ubavu katika mtego mmoja. Kwa miaka mingi hali ilikuwa ile ya paa la bati lililochakaa, ukiziba huku kunavuja kule.

Je, mianya yote imeshazibwa kwa pamoja?

Miwili hiyo, ndiyo, mwaka 2015. Huko Delft, Uholanzi, kundi la Ronald Hanson lilifungamanisha elektroni zilizomo katika almasi mbili zilizotengana kwa kilomita 1.3, na kila swali likapata jibu. Mwaka huo huo makundi mengine mawili, Vienna na Boulder, yalifanya hivyo kwa fotoni na vipokezi vyenye ufanisi mkubwa.

Kwa wanaopenda namba: majaribio mengi hayatumii theluthi yetu bali kipimo kilichobuniwa mwaka 1969 na John Clauser, Michael Horne, Abner Shimony na Richard Holt, ambacho hakihitaji makubaliano kamili. Kikomo cha uhalisia wa mahali hapo ni 2, na kwanta inaweza kufika 2.83 hivi. Kundi la Orsay lilipata 2.697 mwaka 1982. Delft walipata 2.42, kwa duru 245 tu, kwa hiyo hakika yao ya kitakwimu haikuwa kubwa kama ya Vienna na Boulder. Jaribio la kwanza kabisa lilifanywa na Stuart Freedman na Clauser huko Berkeley mwaka 1972. Clauser alikuwa akitarajia kuiangusha nadharia ya kwanta, akaishia kuithibitisha. Yeye, Aspect na Zeilinger walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2022.

Fizikia ya zamani haiwezi kabisa kueleza mambo ya kwanta?

Inaweza kueleza mengi kuliko vitabu vya shule vinavyokiri, na hapa tunawapa wapinzani haki yao. Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba mwanga kung'oa elektroni kwenye metali ni ushahidi wa fotoni. Lakini Willis Lamb na Marlan Scully walionyesha mwaka 1969 kwamba sehemu kubwa ya jambo hilo huelezeka kwa wimbi la mwanga la kawaida, mradi atomu za metali zifuate kanuni za kwanta. Trevor Marshall na Emilio Santos, kwa miaka mingi, walitetea picha ya uwanja wa umeme-sumaku unaotetema kwa nasibu hata mahali palipo patupu, na kutoka humo yanachipuka matokeo kadhaa ambayo tumezoea kuyaita ya kwanta.

Mfano unaopendwa sana na vijana ni ule wa matone ya mafuta yanayorukaruka juu ya mafuta yanayotikiswa, ambao Yves Couder na Emmanuel Fort waliuanzisha Paris. Tone linasafiri juu ya wimbi lake lenyewe, na mwaka 2006 iliripotiwa kwamba likipitishwa kwenye nyufa mbili nyembamba hutoa michirizi kama ile ya elektroni zinazopitishwa hivyo hivyo. Jaribio liliporudiwa Denmark, matokeo yakachapishwa mwaka 2015, michirizi haikuonekana. Mmoja wa waliolirudia ni Tomas Bohr, mjukuu wa Niels. Hata hivyo tone linabaki kuwa somo zuri la mitetemo, ilimradi lisibebeshwe mzigo usio wake: tone moja na wimbi lake haligusi kikomo cha Bell, kwa sababu Bell anahitaji vitu viwili vilivyotengana.

Naweza kutuma ujumbe Goma kwa njia hii mtandao unapokatika?

Hapana. Aliye Goma anaona ndiyo na hapana nusu kwa nusu, uwe wewe Bukavu umepima A, B, C, au umelala. Makubaliano huonekana tu madaftari mawili yakiwekwa pamoja, na madaftari husafiri kwa boti, barabara au simu kama kitu kingine chochote.

Je, hili linathibitisha uchawi, au uponyaji wa mbali?

Halithibitishi. Anayekuuzia dawa "ya kwanta" muulize pembe za vichujio vyake.

Basi tuache kitu gani, mahali au uhalisia?

Hapa wenye elimu hawajapatana, na hatutajifanya kuwapatanisha. Wafuasi wa Bohm wanaacha mahali: chembe zina nafasi halisi daima, lakini ya hapa inategemea ya kule papo hapo. Wanaofuata njia iliyoanzishwa na Hugh Everett mwaka 1957 wanasema matokeo yote hutokea, kila moja katika tawi lake la ulimwengu, na kwa hiyo hoja ya kadi haianzi kabisa, kwa maana inadhani kila swali lilipata jibu moja. Wafuasi wa Bohr wanakataa kuzungumzia jibu la swali ambalo halikuulizwa. Wapo wanaobadilisha mlinganyo wenyewe wa kwanta ili wimbi linaloeleza chembe liporomoke na kubaki tokeo moja bila mtu kulipima, na nadharia yao, angalau, inaweza kujaribiwa katika maabara.

Maoni yangu ni kwamba usemi "uhalisia wa mahali umeshindwa" unampotosha msomaji akidhani yuko mbele ya bidhaa mbili na anaweza kurudisha mojawapo dukani kwa uhuru wake. Anayesema "naacha uhalisia, nabaki na mahali" anadaiwa maelezo: Neema na Bahati walijuaje kufanana kila walipoulizwa swali lile lile? Watu wa Everett wana jibu, upende usipende. Wengine wengi wananyamaza, na sisi tumekwisha kuona kunyamaza kunavyoweza kusaidia mchezo.

Na kama kila kitu kimepangwa tangu mwanzo, pamoja na maswali yenyewe?

Huu ni mwanya wa tatu, na darasani unalingana na mwanafunzi aliyekunja karatasi za kofia na kujua mpangilio wake. Gerard 't Hooft, mshindi wa Nobel wa mwaka 1999, anaupa uzito. Watafiti wamejaribu kuubana: mwaka 2018 lilichapishwa jaribio lililofanywa na darubini za kisiwa cha La Palma, ambamo maswali yalichaguliwa na rangi ya mwanga wa kwasari mbili (viini ving'aavyo sana vya galaksi za mbali), mmoja umesafiri miaka bilioni 7.8 na mwingine bilioni 12.2. Aliyepanga udanganyifu, kama yupo, alianza mapema mno. Lakini jaribio haliwezi kuufunga kabisa mwanya huu, kwa kuwa ukiuruhusu bila mpaka unaweza kueleza matokeo ya jaribio lolote la sayansi, hata la dawa ya malaria: labda wagonjwa waliopewa dawa walikuwa wamekwisha kupangiwa kupona. Kwa sababu hiyo mimi siuhesabu kama jibu, ingawa najua kwamba kutouhesabu ni uamuzi.

Mtetezi wa uhalisia wa mahali alete nini ili mumsikilize?

Asilete kurasa 40 za milinganyo. Alete programu mbili, moja iwekwe kwenye kompyuta Bukavu na nyingine Goma. Kabla ya kuanza, zipewe faili lolote la pamoja, refu kadiri apendavyo. Kisha nyaya za mtandao zichomolewe. Sisi tutachagua A, B au C kwa kurusha dadu kila upande, na kila programu ijibu ndiyo au hapana katika kila duru. Maswali yakifanana, majibu yafanane. Yakitofautiana, tutahesabu duru 3,000: kadi zitatoa zipatazo 1,000 za kufanana au zaidi, kwanta inadai 750. Akizishusha karibu na 750 tutafuta ukurasa huu na kuandika jina lake juu ya mpya. Duru 30 hazitoshi, kwani kwa duru chache hata mwenye kadi anaweza kubahatika.

Ndugu yetu wa Goma amekubali kila sharti, dadu, nyaya na idadi ya duru, isipokuwa lile la kujibu kila swali. Anaomba programu yake iruhusiwe kunyamaza mara moja moja.